Aliyefika getini hajafika Onslow

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu Kaunti ya Onslow, jimbo la North Carolina, Marekani. Alikwenda kumtembelea kaka yake kwa siku nne, akarudi kutueleza kwamba kule hakuna mji, kuna kambi ya jeshi na maduka yaliyoing'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wenyeji, kwa maelezo yake, kazi yao ni kumnyoa askari na kumuuzia viatu. Akamalizia kwamba hata samaki wa kule hawana ladha.

Mimi nilikaa kaunti hiyohiyo kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba 2023. Binti yangu ni muuguzi huko, na mumewe, kijana wa Mombasa, ni fundi wa magari ya jeshi. Sikuingia kambini hata siku moja, kwa hiyo ninayoyasema ni ya nje ya uzio, kama aliyoyasema yeye. Ila mimi kabla ya kustaafu nilikuwa bwana samaki hapa Tanga kwa miaka 31, na mahali penye maji sipapiti nikiwa nimefumba macho.

Kwanza nimpe haki yake. Barabara ya kuelekea geti kuu la Camp Lejeune, ndiyo hiyo kambi ya wanamaji, iko kama alivyosema. Kinyozi, duka la tairi, mchora tatuu, mkopeshaji wa rehani, kinyozi tena. Vijana wanaoingia na kutoka humo wamenyolewa mtindo mmoja, pembeni ngozi tupu, juu nywele kama brashi ya viatu. Jacksonville, makao makuu ya kaunti, ni mmoja wa miji yenye watu vijana zaidi Marekani nzima. Mzee kama mimi akikaa nusu saa kwenye benchi la dukani anaanza kujihisi amekosea kituo cha kushuka.

Na kelele zipo. Usiku wangu wa tatu nilisikia mshindo, dirisha likatetemeka, bilauri ya maji ikalia juu ya meza. Kabla sijajua niko nchi gani nilikuwa nimeshasimama natafuta viatu. Watu wa Tanga watanielewa. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku tangu 1970, lakini umri wangu wote kazini niliumaliza nikiufukuza, Yambe, Karange, Mwarongo, Kigombe, na mlio ule hauishii sikioni, unakupiga kifuani. Nikatoka sebuleni nikamwambia mkwe wangu wanapiga karibu, tutafute boti. Akacheka hadi akakaa chini. "Baba, hiyo ni mizinga. Wametangaza." Na kweli, binti akanionyesha kwenye simu: kambi hutoa tangazo la siku na saa watakazopiga, ili watu wasishtuke. Wapigaji wetu hawakuwahi kunifanyia ustaarabu huo.

Baada ya usiku ule nikaanza kutembea, maana mzee akikaa ndani ya nyumba ya mkwe wiki nzima anageuka samani.

Kaunti ile ni tambarare kama sinia. Mchanga, misonobari, vinamasi vya udongo mweusi, halafu mchanga tena mpaka baharini. Mahali pa juu kabisa nilipopanda ni daraja la kuingilia kisiwa cha Topsail. Lakini katikati yake upo mto, New River, na huo mto ndio ulionishikisha kalamu. Mto wetu wa Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, unapita mikoa ya watu kabla haujatufikia. Taka zikionekana mdomoni mwake kila wilaya humnyooshea mwenzake kidole. New River unazaliwa ndani ya Onslow, karibu na mji mdogo wa Richlands, na unafia ndani ya Onslow, baharini, safari ya kama kilomita 80 tu. Hauna jirani wa kumsingizia.

Ukifika Jacksonville unapanuka ghafla, unakuwa kama ziwa, maji yake rangi ya chai ya rangi. Nikauliza bamvua linaingia saa ngapi, wakanitazama. Basi nikachukua mpini wa ufagio wa binti yangu (kwa ruhusa), nikautia alama kwa kisu kila sentimita tano, nikauchomeka matopeni kwenye ghuba ndogo iitwayo Wilson Bay. Siku tatu, asubuhi na jioni, maji yakacheza alama moja. Hapa Tanga bamvua la Machi lingeumeza mpini ule na kuniachia viatu vinaelea. Siku ya nne ukavuma upepo wa kaskazini, maji yakashuka alama tatu kwa mkupuo. Nikajua kumbe mto ule bwana wake ni upepo, mwezi hauna amri pale. Mlango wake wa baharini ni mwembamba na mchanga hauachi kuusonga, hivyo bahari haipati nafasi ya kuingia kwa nguvu. Na maji ambayo bahari haiyasuuzi mara mbili kwa siku, uchafu ukiingia unakaa.

Uliingia. Juni 1995 bwawa la kinyesi cha nguruwe katika shamba moja karibu na Richlands lilipasuka, galoni milioni 25, yaani zaidi ya lita milioni 90, zikateremkia mtoni na kuua samaki kwa maelfu. Maji machafu ya mji nayo yalikuwa yakimwagwa hapohapo Wilson Bay mpaka mtambo wa zamani ulipofungwa 1998. Nilichokipenda ni walichofanya baadaye. Walishusha chaza ghubani, kwa mamilioni, wakae chini wachuje maji. Chaza mmoja mkubwa, hali ikiwa nzuri, huchuja hadi lita 190 kwa siku. Mtambo wenyewe wakaugeuza mahali pa kufundishia, wanapaita Sturgeon City. Siku niliyokwenda, watoto walikuwa wanaonyeshwa matangi mawili ya kioo yenye maji ya matope, moja lina chaza, la pili halina. Tulipomaliza kuzunguka na kurudi, kupitia lile la kwanza niliweza kuona fulana ya mtoto aliyesimama upande wa pili. Miaka 31 nimewahutubia wavuvi kwa kipaza sauti juu ya matumbawe na mazalia ya samaki, wengine wakisinzia, na haikunijia akilini kuwawekea matangi mawili ya kioo.

Msomaji mwenzangu aniambie, hiyo nayo ni kambi?

Mwaka 1940 Jacksonville ilikuwa na watu 873. Hesabu ya 1950 ikakuta 3,960, na ya 2020 ikakuta 72,723. Katikati ya namba hizo ndipo penye kambi. Mwaka 1941 serikali ilianza kutwaa ardhi pande zote mbili za mto, kutoka karibu na mji mpaka ufukweni. Leo ni kama eka 156,000. Mamia ya familia, wakulima wa tumbaku na wavuvi, weupe na weusi, walihamishwa. Kaunti yenyewe ilikuwapo tangu 1734. Jeshi lilikuta watu.

Nilikaa na mmoja wa wajukuu wa hao watu. Ni mvuvi mzee wa kijiji cha Sneads Ferry, karibu na mdomo wa mto, ambako riziki ni kamba. Mashua zao zina mikono miwili mirefu ya chuma ya kukokotea nyavu, zikirudi gatini unawasikia kwanza shakwe kabla ya injini. Mzee alinionyesha kwa kidole ng'ambo ya maji, penye misonobari mirefu kuliko mingine, akasema shamba la babu yake lilikuwa pale. Alilisema bila hasira, kama mtu anavyokuonyesha nyumba aliyozaliwa ambayo sasa ina wapangaji.

Ghalani mwake palikuwa na rundo la kamba kuukuu ya katani. Nikainusa, nikamwambia hii nyumbani kwetu tunaijua, mkoa mzima ulikuwa unanuka hivi. Akashangaa. Nikamweleza kwamba hata hivyo mkonge wenyewe ulitoka kwao, Florida, 1893, miche 62 iliyopona safari ikapandwa Kikogwe, Pangani. Halafu nikamwambia jambo lililomfurahisha kuliko historia yote hiyo: kwamba kwa Kiswahili anachovua na anachofungia mashua vina jina moja, kamba, tena ukikosea ngeli unaweza kuagiza kilo mbili za kamba wa kukaanga ukaletewa kamba ya kufungia mbuzi. Alilirudia neno lile mchana kutwa, kila mara akinyoosha kidole kwenye kitu kisichokuwa chenyewe.

Huyo mzee ndiye aliyenipeleka kwa mashua kutoka Sneads Ferry hadi Swansboro, kwa njia ya ndani, nyuma ya visiwa vya mchanga. Katikati njia ile inapita eneo la shabaha la kambi. Kuna mabango yenye taa. Taa zikimweka, vyombo vyote vinasimama. Tulisubiri karibu saa nzima. Nyuma yetu ilisimama boti ya kifahari ya watu wa mbali, nahodha wake akitembea huku na huku akitazama saa. Mzee wangu alitoa mkate, akanikatia, akaendelea kula akitazama upande wa pili, kwenye majani ya chumvi, ambako korongo mmoja alikuwa anavua taratibu na mizinga ikilia juu ya kichwa chake. Hakuruka. Na yeye keshasikia matangazo, nadhani.

Kuhusu wenyeji kuishi kwa kumnyoa askari: ndiyo, wanamnyoa, na wanapata. Lakini msomaji mwenzangu alifika kipindi ambacho askari wapo. Hajauona mji wakiwa wameondoka. Wenye maduka ya umri wangu bado wanasimulia 1990 na 1991, askari walipopelekwa kwenye Vita vya Ghuba kwa mkupuo mmoja, mitaa ikanyamaza na baadhi ya biashara hazikuamka tena. Ni kama sisi na msimu wa kusi. Usimwone mvuvi anafunga chombo miezi ile ukadhani ni mvivu.

Na kuna kitu alichokipita, kwa hesabu yangu, si chini ya mara nane katika siku zake nne, maana kiko kwenye barabara ileile. Kikosi kinapokaribia kurudi kutoka ng'ambo, familia huchukua mashuka ya kitandani, wakayaandika kwa rangi, wakayafunga kwenye uzio wa kambi kando ya barabara namba 24, yakafuatana kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Nilimwomba binti yangu aegeshe gari nikayasoma moja baada ya jingine na yeye akinitafsiria palipopinda. Moja liliandikwa na mke, maneno ambayo gazeti lako halitayachapa. Jingine lilikuwa na alama za viganja vitatu vya watoto, cha chini kabisa kidogo kama jani la mchicha, na pembeni yake maandishi kwamba huyu hujamwona bado. Jingine la mama kumwambia mwanawe kwamba chumba chake hakijaguswa ila mbwa ndiye analala humo. Nikamwambia binti yangu, hawa wanavaa kanga bila kujua. Sisi Pwani mwanamke akiwa na lake haandiki barua, anajifunga ujumbe akapita nao mtaani, na mwenye kuelewa ataelewa. Wale wanaufunga kwenye uzio wa jeshi. Mvua ikinyesha rangi inachuruzika, baada ya wiki hujui nani alimwambia nani nini.

Mahali pengine nilipokwenda ni ukuta wa kumbukumbu ya Beirut, ndani ya miti, mjini Jacksonville. Oktoba 23, 1983 bomu liliua wanajeshi 241 wa Marekani kwenye kambi yao huko Lebanon, na wengi walikuwa wametoka Lejeune. Nilikuwapo, kwa mbali, siku ya kutimiza miaka 40. Sina la kuongeza, majina ni majina. Nikahesabu mistari kumi nikaacha.

Kisha kuna Montford Point. Wanamaji weusi wa kwanza wa jeshi lile walipoanza kupokelewa, Agosti 1942, hawakuchanganywa na wenzao. Walipewa sehemu yao ng'ambo ya ghuba, na kambi kubwa hawakuruhusiwa kuingia ila kwa kusindikizwa na mweupe. Kama 20,000 walipita pale mpaka 1949. Mimi ninapolisoma hilo ninakumbuka askari na wabebaji wao wa mizigo waliokufa hapa Tanga Novemba 1914, wazungu wawili, Mwingereza na Mjerumani, wakigombea bandari isiyo yao. Nani kati ya wale wabebaji ana jina kwenye jiwe? Walau wa Montford Point walipata medali ya Bunge 2012, waliokuwa bado hai. Na kaunti hiyohiyo ndiyo ambayo daktari tajiri wa New York aliyekuwa na ardhi ufukweni alitaka kumwachia urithi kiongozi wake wa uwindaji, mtu mweusi aitwaye John Hurst. Hurst akasema bora wapewe walimu weusi, ambao hawakuwa na pwani ya kupumzikia. Wakapewa 1950, na tangu 1961 ni hifadhi ya jimbo, Hammocks Beach. Nilivuka kwa kivuko, nikakuta mayai ya kasa yamezungushiwa vigingi na kamba. Nikaangalia fundo. Fundo zuri.

Sitaki nionekane nimetumwa kuipamba kambi. Mwaka ule kila ukiwasha televisheni ulikuwa unakutana na tangazo la mawakili: kama wewe au mzazi wako mliishi Lejeune, piga simu. Kisa chake ni kwamba kati ya 1953 na 1987 sehemu za kambi zilikunywa maji ya visima vyenye kemikali za kusafishia vyuma na za madobi. Wanaokadiriwa kuguswa wanafika milioni moja, askari, wake zao, watoto. Visima vibaya vilianza kufungwa 1984, na sheria ya kuruhusu madai ilisainiwa Agosti 2022. Hebu tazama, wale waliokaa ndani ya geti, wenye walinzi na ukuta, ndio waliokunywa sumu, na sehemu ya sumu ilitoka kwa dobi wa nje ya kambi, kupitia chini ya ardhi. Maji ya chini ya mchanga hayasimami getini kuonyesha kitambulisho. Sisi tunaochimba visima Tanga mita chache kutoka vyooni tungepaswa kukisoma kisa hicho kwa sauti.

Nayo mizinga ninayoilalamikia ina mambo yake. Misonobari ya kule huhitaji moto mdogo wa mara kwa mara chini yake, na mazoezi ya shabaha huwasha moto, kwa hiyo ndani ya kambi kumebaki msitu ambao nje umelimwa au umejengwa. Humo anaishi kigong'ota adimu anayetoboa mti ulio hai, si mkavu, na jeshi limeipaka miti yake mikanda myeupe ili magari yasiisogelee. Na kwenye vinamasi vya kaunti ile upo mmea unaokula nzi, ambao porini hauoti popote duniani ila kama kilomita 120 kuzunguka mji wa Wilmington. Niliuona mmoja, mdogo, unatosha kwenye kisosi. Nikakaa nikachuchumaa dakika ishirini kungoja nzi. Nzi wakanila mimi.

Nimebakiza samaki. Jumamosi moja ya Oktoba tulikwenda Swansboro, kwenye mdomo wa mto White Oak, ambako kila mwaka hufanya sherehe ya mkizi. Ndiyo, mkizi huyuhuyu anayeruka kwa hasira akatumbukia mwenyewe ndani ya chombo, furaha ya mvuvi. Kuona mji mzima umefunga barabara, bendi inapiga, watoto wamechorwa mapezi mashavuni, kwa ajili ya samaki ambaye sisi pale sokoni Deep Sea tunamuuza kwa fungu, nilikaribia kutoa machozi. Nikapanga foleni. Nikapewa kipande kilichoviringishwa unga wa mahindi na kukaangwa, kimelala kwenye karatasi. Hakuna ndimu. Hakuna tangawizi, hakuna kitunguu saumu, tui ndilo usiulize. Nikaomba angalau pilipili, yule mama akanipa, kwa moyo mkunjufu kabisa, kikombe cha mchuzi mwekundu wa nyanya wenye sukari.

Hapo, Ndugu Mhariri, msomaji mwenzangu amesema kweli, na sina la kumjibu.

Bwana samaki mstaafu,
Sahare, Tanga